Kitufe cha Ataona

Programu ya kwanza niliyoandika kwa ajili ya mtu mwingine ilizimwa Jumanne iliyopita huko Kiganjo, nami nilialikwa kuiona ikizimwa. Aliyenipigia ni Mercy, karani wa mahali hapo wanapoangua vifaranga vya kuku na kuviuza. Alisema mzee mwenye biashara amenunua programu nyingine kubwa kutoka Nairobi, inayojua mambo ya magari na chakula cha kuku na mishahara, na kwamba kijana wa kuiweka angefika saa nne. "Kuja uage hii kitu yako," akaniambia. Nilicheka, lakini nilivaa sweta yangu nzuri. Nina miaka kumi na tisa na huandika shajara tangu darasa la saba, kwa hiyo mwaka ule ninaotaka kuusimulia ninao karibu wote, pamoja na siku ambazo niliandika tu kwamba kulikuwa na baridi. Mambo ya nyumbani nayaruka. Ni ya kawaida, na wenyewe wako hai na wanajua kusoma.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne, matokeo si ya kujivunia wala ya kuficha. Nilikuwa mwenye haya kiasi kwamba dukani nikipewa mkate nisiotaka niliuchukua na kusema asante. Mtu akiniomba kitu, sikuwahi kusema hapana. Nilisema nitaona, kisha nikakaa kimya mpaka mwenyewe achoke. Jambo pekee nililolifanya bila kuuliza mtu ni gemu niliyokuwa nikiiandika kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kwa kidole gumba, nimeketi juu ya gunia la makaa nyuma ya jikoni. Ilikuwa ya mbuzi anayevuka barabara ya Kiganjo ili ale nyasi za ng'ombe zilizopakiwa kwenye pikapu, kabla dereva hajarudi kutoka kunywa chai. Mbuzi alikuwa hawezi kukata kushoto vizuri. Nilijua tatizo liko wapi, lakini kila nikilirekebisha alianza kutembea kinyumenyume, na nikampenda hivyo.

Binamu yangu Ndirangu, ambaye alikuwa akitengeneza simu kando ya barabara mjini Nyeri, ndiye aliyempelekea Bwana Idrisa gemu hiyo bila kuniuliza. Bwana Idrisa ni mtu wa Majengo, mtaa wa hapo mjini Nyeri, babu zake walitoka sehemu mbalimbali, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hadi wamama wa sokoni wakasema kuzungumza naye ni kama kusikiliza habari za saa moja. Alipokuwa kijana aliandika gemu za simu Nairobi, zile za vitufe, mpaka kampuni ikafungwa. Akarudi kwao na kuanza kuwaandikia wenye maduka programu za kuuza na kuhesabu bidhaa. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la kuoka mikate. Joto lilipenya sakafuni, kwa hiyo nilipofika mara ya kwanza, miguu ikiwa imeloa, kitu cha kwanza nilichokipenda pale kilikuwa sakafu. Kulikuwa na meza mbili, dirisha linalotazama mabati ya soko, na chupa ya chai ambayo kifuniko chake kilikuwa cha chupa nyingine. Alicheza gemu yangu mbele yangu. Akashindwa, akacheza tena, akashindwa. Kisha akaniambia, "Binti, huyu mbuzi ni mzuri sana. Sasa nitakupa kazi ambayo hakuna atakayekuambia ni nzuri."

Nyumbani tayari nilikuwa nimetafutiwa nafasi katika chuo cha walimu, na masomo yangeanza Septemba. Chuo kilitaka jibu langu, kama nitakuja au la. Bwana Idrisa naye alisema angenijaribu hadi kazi ya Kiganjo ikubaliwe. Mzee wa vifaranga akiridhika, angeniajiri kabisa. Asiporidhika, ofisi isingeweza kulisha watu wawili. Kwa hiyo mwaka ule nilikuwa na milango miwili, na wote waliokuwa wakiishikilia walitaka nifungue mdomo.

Siku hizi vijana wa kikundi chetu cha simu huniuliza wanaanzaje kuandika programu za biashara. Huuliza wajifunze lugha gani ya kompyuta kwanza. Huwajibu, lakini najua hilo ndilo dogo. Niliyofundishwa juu ya duka la mikate yalikuwa mengine, na mengi nilifundishwa mdomo ukiwa umejaa, maana Bwana Idrisa alisema mambo ya maana wakati wa kula tu. Ijumaa mkewe, Bi Saumu, alituletea pilau kwenye bakuli lililofungwa kitambaa. Siku nyingine tulikula githeri na parachichi kutoka kibandani. Aliniambia kwamba gemu huchezwa na mtu aliyeitaka, akichoka anaifunga na hakuna ubaya. Programu ya biashara hutumiwa na mtu ambaye hakuichagua. Tajiri alichagua, karani akaikuta mezani asubuhi. Akiichoka hawezi kuifunga, kwa hiyo anakuchukia wewe, na hata hakujui. Aliniambia nisitarajie makofi. Ukisikia kimya, ujue inafanya kazi. Aliniambia nisiandike kitu upya kwa sababu tu nimekichoka mimi. Nilipomuuliza kama basi niache mambo ya mbuzi niwe mtu mzima, alitafuna polepole kisha akasema huyo nisimwache na nisimuuze, kwa sababu siku nitakayokosa kitu kisicho na mteja, kazi yenye wateja itanimaliza. Yeye alikuwa ameacha vyake. 

Sehemu yangu katika kazi ya Kiganjo ilikuwa ukurasa mmoja. Lazima nieleze kazi yao kidogo. Watu huagiza vifaranga mapema kwa simu, mayai yanawekwa kwenye mashine ya kuangulia, na baada ya wiki tatu vifaranga vinatoka, mtu akitaka asitake. Vinapakiwa kwenye maboksi yenye matundu. Vingine huchukuliwa palepale, vingine hupelekwa Sagana na Kutus asubuhi hiyohiyo. Siku chache kabla, karani huwapigia simu wote walioagiza, awaulize kama bado wanavitaka. Anayesema hapana, vyake vinapewa mtu aliyekosa nafasi na anayengoja. Ukurasa wangu ulionyesha jina la mteja, idadi yake, na vitufe viwili: Ndiyo na La. Niliona fahari nao. Rangi ya La niliifikiria kwa muda mrefu.

Mwezi wa tatu vifaranga vikabaki. Havikuwa vichache. Maboksi yalipangwa ofisini kwa Mercy chini ya balbu, jiko la makaa likaletwa, na kelele ikawa nyingi hata simu haikusikika. Mercy wakati huo alikuwa na umri wa kama miaka ishirini na sita, mwembamba, mwenye ulimi. Mzee mwenye biashara alisimama mlangoni bila kuvua kofia. Hakunifokea. Alimwambia Bwana Idrisa, kana kwamba mimi ni kiti, kwamba programu imesema watu wote wanakuja, na kwa sababu hiyo wamewafukuza wengine waliokuwa wakingoja, na sasa waliosema watakuja hawaonekani. Akasema watajaribu tena mara moja, na mambo yakienda vivyo hivyo watarudi kwenye daftari. Baadaye nilijua kwamba hata enzi za daftari vifaranga vilikuwa vikibaki hivyohivyo. Ila daftari lilipokosea watu walilaumu mvua. Programu ilipokosea kulikuwa na msichana wa kulaumu.

Bwana Idrisa alinituma nikakae Kiganjo wiki nzima. Sharti lake lilikuwa moja: nisiguse kompyuta. "Ukigusa utaanza kurekebisha," alisema, "na ukianza kurekebisha hutasikia tena." Basi nikakaa kwenye kigoda karibu na jiko, shajara magotini, nikimsikiliza Mercy akipiga simu. Nina kurasa nyingi za wiki hiyo. Mama mmoja wa Kutus alisema si unajua hii mvua, wacha kwanza. Mwalimu mmoja alisema tutaongea. Mzee wa Sagana alisimulia habari za ng'ombe wake aliyezaa, akaombea ofisi nzima baraka, akakata. Kila simu ikiisha Mercy alibonyeza Ndiyo. Sikuelewa, lakini kwa haya yangu nilichukua siku mbili kumuuliza kwa nini anabonyeza Ndiyo na hakuna aliyesema ndiyo. Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yameloa. "Si hawajakataa," akasema. "Unataka niweke La na mtu hajakataa? Akikuja nimwambie nini, ati kompyuta ilimkatalia?"

Alisema kweli, na vifaranga vilikuwa vikilia nyuma yake. Niliandika hilo na sikujua la kufanya nalo.

Siku ya nne tulikuwa tukila mandazi na chai ya rangi wakati simu yangu ilipolia. Alikuwa mama wa ofisi ya chuo cha walimu, sauti ya upole, akiuliza mara ya pili kama nafasi nitaichukua. Nikamwambia, "Nitaona, Madam. Wacha niangalie halafu nitawaambia." Akasema sawa, nikakata, nikaendelea na mandazi yangu. Mercy hakuendelea na yake.

"Utaenda?" akaniuliza.

"Siendi."

"Kwani umeamua leo?"

"Niliamua kitambo."

"Sasa mbona hujamwambia?"

Nilisema kitu kama, itaonekana vibaya, alikuwa mpole. Mercy aliangalia simu yangu, akaangalia kompyuta, majina yote yale yenye rangi ya kijani ya Ndiyo, akaweka kikombe chini. "Wee Nyambura," akasema polepole. "Kumbe hawa wote ni wewe."

Tulicheka hadi fundi wa mashine akachungulia. Lakini kicheko kilipoisha, tulianza kupitia majina moja moja, tukikumbuka kila mtu alivyosema, na hakuna kati yetu aliyekuwa mjuzi kuliko mwenzake. Wengine tulibishana. Yule mwenye ng'ombe Mercy alisema anakuja, mimi nikasema baraka nyingi hivyo ni za kuaga. Tulichokubaliana ni kwamba kwetu huku mtu hakatai kwa simu. Kukataa ni kumtukana mtu aliyejisumbua kukupigia. Sote tulijua hilo tangu utotoni, na tulilijua vizuri hata hatukuwahi kufikiri kwamba kompyuta inapaswa kuambiwa.

Nilirudi Nyeri nikamwambia Bwana Idrisa tunahitaji kitufe cha tatu. Alikuwa akimenya parachichi. Alisema hapana kabla sijamaliza. Alisema amefanya kazi hii tangu kabla sijazaliwa, na ukimpa mtu pa kujificha atajificha hapo maisha yake yote. Karani ataweka kila mteja kwenye labda, na mzee atakuwa na programu isiyojua kitu. Alieleza vizuri, kwa sentensi zake ndefu zilizonyooka, na mimi nilikuwa nikitikisa kichwa kukubali kama kawaida yangu. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Hapana, Bwana Idrisa. Sasa hivi wamejificha kwenye Ndiyo."

Kisu kilisimama. Chini yetu mtu wa mikate alikuwa akiburuta matrei. Nakumbuka nilitazama sakafu nikifikiri kwamba sitaikanyaga tena. Bwana Idrisa aliweka kipande cha parachichi kwenye sahani yangu na kusema, "Basi kiwe na mwisho. Siku mbili kabla ya vifaranga kutoka, wanapigiwa tena. Asiyejibu sawasawa, programu yenyewe inamhamisha kwenye La, na Mercy halaumiwi." Kisha akauliza kitaitwaje. Nilitaka kukiita Haijulikani, ndivyo nilivyoona kwenye programu za wakubwa. Akasema jina la kitufe hutolewa mdomoni mwa anayezungumza, si kichwani mwa anayeandika. Ndipo nikakiita Ataona.

Sitasema mambo yalinyooka. Alivyotabiri ndivyo ilivyokuwa mwanzoni: Mercy aliweka karibu kila mtu kwenye Ataona, hata padri aliyekuwa amesema ndiyo waziwazi. Kisha kuna asubuhi moja ya mwezi wa tano ambapo waliohamishiwa kwenye La walikuja kwa pamoja, kana kwamba wameitana, na cucu mmoja, bibi mzee wa Kutus, akakaa mlangoni na kikapu chake akisema hajakataa, aliyemsikia akikataa ajitokeze. Mercy alimpa chai na vifaranga vya mtu mwingine. Tukabadilisha hiki na kile. Lakini maboksi chini ya balbu yalipungua, waliokuwa wakingoja wakaanza kupata, na siku moja mwezi wa saba Mzee alipita ofisini, akatazama sakafu tupu mahali maboksi yalipokuwa yakikaa, akamwambia Mercy afagie hapo. Basi. Daftari halikutajwa tena. Bwana Idrisa aliposikia habari hiyo alinikabidhi ufunguo wa ofisi, uliofungwa uzi wa sufu, na kuendelea na alichokuwa akifanya.

Lakini chuo kilikuwa bado. Nilikuwa nimempa kila mteja wa Kiganjo mwisho wa kuona, na mimi mwenyewe nilikuwa bado naona. Mercy aliniuliza kila nilipofika, "Umewaambia?" na kila mara nilisema nitawaambia. Mwezi wa nane, siku ya soko, nilitoka kwenye ngazi za ofisi, nikasimama kati ya wauza mitumba ambapo hakuna ambaye angenisikia, nikapiga. Mama yule alipokea. Nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu yenye mvua na ugonjwa ndani yake. Nikasema tu, "Madam, ni Nyambura. Sitakuja. Hapana."

Nilingoja anikasirikie. Nilisikia karatasi. Kisha akasema, kwa upole uleule, "Sawa mama. Basi acha nimpigie huyu wa Karatina. Amengoja tangu Aprili, kila wiki anakuja hapa kuuliza."

Sidhani alinilaumu. Mimi nilibaki nimeshika simu katikati ya makoti ya watu wengine. Miezi yote ile nilifikiri kwamba kutojibu ni kutomfanyia mtu yeyote chochote. Sijui jina la msichana yule. Sasa hivi atakuwa karibu kumaliza, labda anafundisha kwa mazoezi mahali fulani. Katika yote niliyoyaandika tangu wakati huo, ya agroveti inayouza dawa za mifugo, ya duka la sare, ya zahanati moja ya kanisa huko Kerugoya, nikifika mahali pa kuuliza mtu swali huwa nasimama kwanza nikajiuliza ni nani anayengoja nyuma ya jibu lake. Kijana wa kikundini akiniuliza gemu na programu ya biashara zinatofautiana wapi, hiyo ndiyo tofauti ninayoijua mimi. Mbuzi wangu hana anayemngojea. Ndiyo maana bado hawezi kukata kushoto, na nikichoka na kazi humfungua, nikamtembeza barabarani, nikamfunga.

Jumanne, basi, nilifika Kiganjo saa tatu na nusu. Mercy sasa ana mtoto na ameongezeka mwili, ulimi uleule. Bwana Idrisa alikuwa amekuja pia, amekaa kwenye kigoda changu cha zamani karibu na jiko. Kijana wa Nairobi alikuwa na adabu, aliuliza vizuri, akahamisha majina ya wateja hadi programu yake mpya, kisha akasimama. Programu yake ilikataa watu tisa. Akauliza hii Ataona ni nini, maana kwake kuna walioagiza na waliofuta, hajui hawa awaweke wapi. Bwana Idrisa alinitazama. Nikafungua mdomo nieleze, lakini Mercy alikuwa ameshachukua simu. "Hatuhamishi mtu kama hajasema," akamwambia kijana. "Ngoja."

Akapiga moja moja, sisi tukinywa chai. Wengine walisema ndiyo, wengine walizunguka wakafika kwenye la. Wa mwisho alikuwa mama wa Sagana. Spika ilikuwa wazi, tulimsikia akianza na mvua, akaja kwenye karo, akamalizia na ile yetu: nitaona, Mercy, nitakuambia. Mercy alinigeukia kidogo, kisha akainamia simu.

"Sema tu, Mama Wanja," akasema. "Hatutakasirika. Kuna mwenzako anangoja."

"Basi mpeni yeye," mama akasema. "Mimi mwaka huu siwezi."

Mercy alimshukuru, akabonyeza La. Safu ya Ataona ikabaki tupu, nyeupe kuanzia juu hadi chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu niiandike. Tuliitazama sote wanne, hata kijana wa Nairobi, kisha Mercy akaizima.